Kona ya Sataranji: Si kila unachoweza kukila ukile

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na nyote mlio mbali. Meseji za safari hii ni nyingi na kubwa zaidi zinaulizia kitu kimoja, yule farasi wa nyeupe anaeruka g5 asubuhi na mapema, kwa iyo nimechagua moja yenye mchezo mzima ndani yake nikaipa nafasi kubwa, zilobaki nimezijibu kwa ufupi. Kwa wageni wa kona hii, mistari ya kusimama tunaiita a mpaka h kuanzia kushoto kwa nyeupe, na safu za kulala ni 1 mpaka 8 kuanzia kwa nyeupe. Cheki ni mfalme kutishwa, chekimeti ni kutishwa bila njia ya kuokoka na mchezo umekwisha. Weka ubao mbele yako ufatilie, kusoma kwa macho matupu hakutoshi.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mie niko Chake Chake, tuna kiklabu chetu tunacheza barazani baada ya magharibi. Juzi nimefungwa haraka mpaka watu wakaacha dhumna wakaja kuangalia. Mie nilikuwa nyeusi. Alianza e4 nikajibu e5, farasi wake f3 wangu c6, askofu wake c4, mie nikatoa farasi wa pili f6, yeye farasi akaruka g5. Nikaona anaitaka f7, nikasukuma askari d5, akamla, nikarudisha kwa farasi. Hapo mwenzangu kaweka kikombe cha kahawa chini, kachukua farasi kala f7 bila hata kufikiri! Mfalme wangu akamla farasi, malkia wake akaja f3 cheki, nikarudi g8 nikasema nshapona. Askofu wake akala d5 cheki, malkia wangu akamla askofu, malkia wake akamla malkia wangu cheki tena, nikaziba kwa askofu e6, akamla chekimeti. Hatua kumi tu mwalimu. Kosa langu ni kurudi g8? Na mbona nilikuwa na farasi mzima mbele yake? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nakushukuru kwa kuandika kila hatua, mana wengi huniletea mwisho peke yake na mwisho peke yake hausemi kitu. Kurudi g8 ni kosa kweli, na pale hata ungeziba kwa askofu e6 mapema, badala ya kula kwa malkia, askofu wake angemla na hiyo hiyo ni chekimeti. Ila kosa la mwanzo liko nyuma, hatua ya 5, pale ulipokula d5 kwa farasi.

Na naijua sababu yake kwa kuwa naiona kwenye kila baraza ninayopita. Wengi wetu tumekulia kwenye drafti. Drafti kula ni lazima, ukiacha kete ya kuliwa umevunja sheria, kwa iyo mkono unazoea, wewe umeliwa kimoja na mkono wenyewe unakwenda kurudisha kabla akili haijauliza kitu. Sataranji haina lazima hiyo. Humo cha lazima ni kumwokoa mfalme akipewa cheki, bas, mengine yote ni hiari yako, na hiyo hiari ndo mchezo wenyewe.

Rudi kwenye ubao pale askari mweupe alipokula d5, wewe hujajibu. Farasi wake yuko g5 anaitazama f7, askofu yuko c4 nae anaitaka f7, na f7 inalindwa na mfalme wako peke yake. Lakini tazama vizuri, askofu yule saa hii haoni f7 hata kidogo! Njia yake inapita d5 na pale d5 kakaa askari wake mwenyewe. Ana kete mbili za kushambulia lakini moja kaiziba yeye. Wewe ukamwondoa yule mzibaji ukaweka farasi wako palepale, na farasi wako akawa ndo windo.

Kisha akala f7. Huwezi kuacha kumla mana farasi yule kasimama pahala anatishia malkia wako d8 na ngome yako h8 kwa pamoja. Umemla, mfalme katoka nje. Malkia f3 cheki, na malkia huyo huyo kwa mshazari anamtazama farasi wako wa d5. Hapo pahala pa mfalme ni e6 tu, akienda pengine popote farasi wa d5 kaenda. Akishafika e6 nyeupe analeta farasi wa pili c3, sasa hesabu na mie: d5 inashambuliwa na askofu, malkia na farasi, watatu, na farasi wako hawezi hata kukimbia kwa sababu nyuma yake kwenye njia ya askofu yupo mfalme. Wewe unao walinzi wawili, mfalme na malkia. Inabidi ulete wa tatu, farasi wa c6 aende b4 au e7. Mie napenda b4 kwa kuwa kutoka pale anaitishia c2, akila pale anampa mfalme cheki na anaigusa ngome ya a1. Nyeupe lakini atapiga kaslingi (mfalme anasogea nyumba mbili na ngome inavushwa upande wake wa pili), atasukuma d4, mistari ya katikati ifunguke na mfalme wako yuko e6 kama mtu kasimama kati ya barabara ya Darajani siku ya kuamkia Idi. Umemzidi farasi mmoja kwa askari mmoja, ni kweli, ila zake zinafanya kazi na zako zote zinamlinda mtu mmoja. Ukiwa nyumbani na wakati wa kutosha unaweza kuhangaika nayo, barazani na saa ya dakika kumi sikushauri.

Mtego huu si wa jana. Wataliano wanauita Fegatello, maini hayo, na mchezo unaotajwa sana kwenye vitabu ni wa Giulio Cesare Polerio, Roma, karibu mwaka 1610. Kwa iyo uloliwa nao wewe umeshawala watu kwa miaka 400. Na kuna ubaya zaidi: badala ya kula f7 kwa farasi hatua ya 6, nyeupe anaweza kwanza kusukuma d4, shambulio lililopewa jina la Lolli, Mwitaliano wa karne ya 18, na wengi wanaojua wanaona hilo ni kali kuliko kula f7 papo hapo. Kwa iyo hata ukipata dawa ya maini bado Lolli anakungoja. Wacha kula d5 kwa farasi, yaani iwache kabisa.

Sasa dawa. Askari wake wa d5 anamtishia farasi wako wa c6, si ndio? Mpeleke farasi huyo a5, ukingoni, amguse askofu wa c4. Najua tumefundishwa farasi wa ukingoni hana kazi, huyu ana kazi. Nyeupe mara nyingi anatoa cheki askofu b5, unaziba kwa askari c6, anakula c6, unakula kwa askari wa b, na sasa askari huyo wa c6 anamtishia askofu. Askofu anarudi e2. Unasukuma h6, farasi wa g5 anakimbilia f3. Unasukuma e4, farasi anaondoka tena, anakwenda e5. Simama hapo uhesabu: nyeupe ana askari 7 wewe 6. Umepungukiwa na mmoja na hukujaribu kumrudisha, wala usijaribu. Badala yake maaskofu wako wote wawili njia zao ziko wazi, una askari e4 anaewabana, na farasi wake karukaruka mwanzo mpaka mwisho bila kupumua. Na yule farasi wako wa a5 ulokuwa ukimsikitikia, angalia, farasi wa e5 anamtamani askari wa c6 na anaemlinda ni yeye. Baada ya hapo askofu wako d6 umguse tena farasi, kisha kaslingi, na mchezo ni wako kuufurahia.

Kama husikii raha na hayo yote, basi hatua ya 3 usitoe farasi f6, toa askofu c5. Hapo akiruka g5 ni zawadi, mana njia ya malkia wako kutoka d8 mpaka g5 iko wazi na unamla farasi bure. Vijana wenye damu ya moto huwa wananiuliza ule mchezo wa kuacha f7 iliwe makusudi, farasi wako yuko f6, wake kaja g5, wewe unatoa askofu c5 kama hukuona. Upo, ni wa Karel Traxler, padri wa Kicheki, aliucheza 1890, na ni mzuri sana kuutazama. Ila nyeupe anaejua atakula f7 kwa askofu badala ya farasi, mfalme wako atasogea e7 na kaslingi umeikosa, na huna cha kumwonesha. Jifunze a5 kwanza.

SWALI: Ami, habari za siku nyingi. Mie ndo katika hao wanaoruka g5, nipo mjini Unguja, na zamani nilikuwa nawala watu kweli kweli. Sasa klabuni kila mtu kajua kupeleka farasi a5, nikifika pale nimepata askari wangu mmoja lakini sielewi nifanye nini, nabanwa mpaka nakufa pole pole. Niache huu ufunguzi? (Mpenda Mashambulizi, Unguja)

JIBU: Usiuache, ila badilisha unavyoufikiria. Wewe ulizoea kuwa mshambuliaji, na baada ya farasi a5 kazi inageuka, wewe ndo mwenye mali na mwenzio ndo anaekushambulia. Una askari mmoja wa ziada, kazi yako ni kutulia, kumaliza kutoa kete na kupiga kaslingi, sio kutafuta f7 tena. Makosa ninayoyaona ni kwamba mtu kashapata askari wake na bado anataka na wa pili, anamtoa malkia kwenda kuokota, huku ngome na farasi wa upande wa pili wamelala majumbani mwao.

Farasi wako akifika e5 na askofu mweusi akaja d6 kumtishia, sukuma d4. Atamla kwa ile sheria ya kula askari aliepita (aliesukumwa nyumba mbili analiwa kama kasogea moja), sawa, wewe mle kwa farasi, farasi atakaa d3 pahala pazuri sana na yule askari wa e4 alokuwa anakubana kaondoka. Kisha farasi wa pili, kisha kaslingi. Au ukipenda f4 kumshikilia farasi e5, ila ujue akikula kwa kupita, upande wa mfalme wako unafunguka.

Kuna na njia nyengine ambayo wengi hawaithubutu, pale farasi anapofukuzwa kwa h6 usende f3, nenda h3. Ndio, ukingoni kabisa, na askofu wa c8 anaweza kumla akakuharibia askari wa upande wa mfalme. Steinitz, bingwa wa dunia wa enzi hizo, aliicheza dhidi ya Mrusi Chigorin mwaka 1891 kwenye mchezo wao wa simu za maandishi, watu wakaona ni wazimu, na Fischer, Mmarekani aliekuja kuwa bingwa wa dunia, akaifufua mwaka 1963 alipocheza na Bisguier kule Poughkeepsie, Marekani, na akashinda. Faida yake ni kuwa e4 sasa haimgusi farasi, hatua moja umeiokoa.

Na ukitaka raha ya polepole, hatua ya 4 usiruke kabisa, sukuma d3. Wakubwa wa siku hizi ndo wanavyocheza sana. Tarrasch, bwana mkubwa wa Ujerumani, alikuwa akisema kuruka g5 ni hatua ya mtu asiejua kucheza. Mie sikubaliani nae, hatua inayomlazimisha mwenzio atoe askari sio ya kijinga, ila inataka mtu anaejua bei yake.

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mwanangu yupo skuli ya msingi, anacheza drafti na babu yake na sasa babu kamletea sataranji. Tatizo anakula kila kitu anachokiona, nikimwambia fikiri kwanza anasema babu nae hula. Nimfundishe vipi? (Mama wa Wete)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Usimkanye kwa maneno, mwoneshe, mtoto akiona mara moja hasahau. Wewe kaa nyeupe. e4, e5. Farasi f3, mwambie yeye asukume d6. Askofu c4, yeye askofu g4. Farasi wako wa pili c3, yeye g6. Sasa farasi wako wa f3 ale askari wa e5, na hapo umemwacha malkia wako wazi kabisa mbele ya askofu wake. Mwache achague mwenyewe. Atakula malkia, nna hakika, na atafurahi sana. Askofu wako ale f7 cheki, mfalme wake hana pa kwenda ila e7, farasi wa c3 aende d5, chekimeti. Malkia wako anae mkononi na mchezo umekwisha. Kisha rudisheni kete mtafute pamoja alipaswa kufanya nini: askari wa d6 amle farasi wa e5, wewe utamla askofu wa g4 kwa malkia, umezidi askari mmoja tu na mchezo unaendelea. Huu unaitwa mtego wa Légal, bwana mmoja wa Paris karne ya 18 aliekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mkubwa wa Kifaransa.

Baada ya hapo kila anaponyosha mkono kula muulize neno moja tu, “halafu?”. Akijibu ndo ale. Na drafti asiiache, kuhesabu mbali kunatoka humo humo.

SWALI: Mwalimu, eti ni kweli Waarabu wa zamani walicheza sataranji bila malkia? Tumebishana hapa maskani na mwenzangu anasema kama ni hivo mitego yote ya ufunguzi imeanza kwa Wazungu. (Mbishi wa Mkoani)

JIBU: Mnakaribia ukweli nyote wawili. Kete ilikuwepo pembeni mwa mfalme lakini alikuwa waziri, si malkia, na alitembea mshazari nyumba moja tu. Askofu wa leo alikuwa tembo, anaruka nyumba mbili kwa mshazari, wala si moja wala si tatu, na kwa namna hiyo tembo mmoja katika ubao wote wa nyumba 64 alikuwa anaweza kufika nyumba 8 tu. Tembo wa f1 anakwenda d3 au h3, c4 hatoifika maisha yake yote! Kwa iyo mchezo wa ndugu yetu wa Chake Chake usingewezekana Baghdad, askofu wa c4 hayupo, malkia wa f3 hayupo, na askari alikuwa hatoki hatua mbili.

Lakini msidhani walikuwa hawana ufunguzi. Kwa kuwa kete zilikwenda pole, mtu alipanga jeshi lake kwanza mpaka limkae sawa ndipo wakakutana, na mipango hiyo ilikuwa na majina yake na ilisomwa. Al-Adli aliandika kuhusu mchezo huu karne ya 9, na as-Suli wa Baghdad akaja nyuma yake akawa bingwa mbele ya khalifa al-Muktafi. Kitu walichojua sana wao ni kutulia, mana hakuna kete ya kukuua kwa hatua kumi. Mchezo ulibadilika Hispania na Italia mwishoni mwa karne ya 15, malkia na askofu wakapewa nguvu walizonazo leo, na kitabu cha Lucena cha mwaka 1497 kilichochapwa Salamanca kina mchezo wa kale na mpya vyote viwili. Mitego ya haraka imeanza hapo, kwa sababu ya malkia, sio kwa sababu ya Uzungu.

SWALI: Naomba jibu fupi. Ngome yangu imetishwa, naruhusiwa kupiga kaslingi? Mwenzangu anakataa. (Binti wa Mwanakwerekwe)

JIBU: Unaruhusiwa, mwenzio hana haki hapo. Ngome kutishwa hakuzuii. Kinachozuia ni mfalme, asiwe kwenye cheki wakati huo, nyumba anayoipita isitishwe na anayofikia isitishwe. Upande wa malkia ile nyumba ya b inapitwa na ngome peke yake, ikitishwa haina neno. Na mfalme na ngome hiyo wawe hawajawahi kusogea hata mara moja, wakisogea, hata wakirudi, kaslingi haipo tena. Jambo jengine ambalo linaleta ugomvi kwenye mashindano: mguse mfalme kwanza, kwa mkono mmoja, msogeze nyumba mbili ndipo uivushe ngome kwa mkono huo huo. Ukiigusa ngome kwanza mwamuzi atakwambia uisogeze hiyo ngome peke yake, na kaslingi kwa ngome hiyo kwa zamu hiyo umeikosa.